Mtoto wa Mwasiti Aitwe Nani

Sogeeni, sogeeni. Wenye mikeka tandikeni, na wenye maneno yawekeni akiba, maana mwisho wa hadithi hii nitayahitaji. Mimi nimekuja na hadithi tu. Jibu sinalo, na atakayeondoka kabla sijauliza asije kesho kunigongea mlango.

Palikuwa na mji mmoja unaopitiwa na reli. Jina la mji silitaji. Hadithi yenyewe inahusu siri ya mtoto, nami sitaki kuwa wa kwanza kuivujisha. Katika mji huo waliishi watu watatu, kila mtu kwake, kila mtu peke yake, na kila mmoja alikuwa na kipaji ambacho mwenzake hakuwa nacho.

Wa kwanza aliitwa Gunia. Alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni, mwenye mabega mapana, na kipaji chake kilikuwa macho. Gunia aliiona hatari kabla haijafika. Alijua ng'ombe yupi atarusha teke na shehena ipi itaporomoka, akawasukuma watu pembeni wakiwa bado wanashangaa. Kila mtu alidhani anaitwa Gunia kwa sababu ya magunia anayobeba, naye hakumsahihisha mtu.

Wa pili aliitwa Bi. Mwanahawa. Kwa miaka mingi alikuwa mpiga chapa wa wakili, na kipaji chake kilikuwa kufunga mdomo. Wosia, talaka, ugomvi wa mashamba, yote yalipita vidoleni mwake na hakuna lililotokea kinywani. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Idrisa, fundi wa kompyuta, na Idrisa alikufa angali kijana. Alichomwachia mamake ni sauti: ujumbe aliomrekodia zamani, uliokuwa ndani ya simu moja kuukuu. Simu hiyo mdomo wa chaji ulikuwa umeoza. Fundi wa pale mjini alimwambia kwamba moto uliobaki ndani ndio huo huo, ukiisha umeisha. Basi Bi. Mwanahawa akaizima, akaivingirisha kwenye kitambaa, akawa anaiwasha mara moja tu kwa mwaka, siku ya kumbukumbu ya mwanawe. Fundi wa mji mwingine huenda angesema mengine, lakini waliyekuwa naye ni huyo.

Wa tatu ni Mzee Sudi, mlinzi wa kivuko cha reli, yule anayeshusha kizuizi treni ikikaribia. Kipaji chake kilikuwa mkono usiojua kukunjika. Ukimwomba Sudi chumvi atakupa na kikopo chake. Binti yake, Raya, alikuwa akifanya kazi za ndani Maskati, kwenye nyumba ambayo ruhusa ya kupiga simu ilitolewa Ijumaa tu, saa yoyote itakayompendeza bibi mwenye nyumba. Alipiga kwa WhatsApp, na kwa ajili hiyo Mzee Sudi alinunua simu kubwa na hakuacha bando likatike. Ijumaa ikifika, simu haikutoka mkononi mwake hata akila.

Hao ndio watatu. Sasa mwenye hadithi.

Mwenye hadithi ni Mwasiti, fundi cherehani, mjane wa marehemu Kibwana. Baada ya mumewe kufariki alikaa peke yake mpaka akaanza kuongea na cherehani. Alipika kikombe kimoja cha mchele, akala nusu, nusu akaipasha kesho yake. Watu walimletea nguo, wakapimwa, wakaondoka. Hakuna aliyekaa. Sikukuu ndizo zilizokuwa mbaya zaidi, kwa sababu siku hizo hata wateja hawaji. Alikuwa mpweke, nasema waziwazi, na aliyewahi kuonja upweke wa namna hiyo hahitaji nimweleze.

Kisha akapata mtoto. Mtoto mwenyewe aliokotwa. Wapi, na ndani ya nini, siwaambii. Polisi walijua, afisa wa ustawi wa jamii alijua, Mwasiti alijua, basi inatosha. Alipewa amlee kwa muda, wakati mambo yanatazamwa. Muda ukawa mwaka na ushee. Mtoto akaota meno, akasimama kwa kushika meza ya cherehani, akajifunza kucheka kabla ya kutekenywa. Na muda wote huo Mwasiti alimwita Bwana Mdogo. Jina la kweli aliogopa kumpa. Alisema moyoni, nikimpa jina halafu wakamchukua, nitabaki na jina nalifanyia nini.

Akaomba kumwasili, awe wake moja kwa moja. Karatasi zikakusanywa: ripoti ya polisi inayosema mtoto alipatikana wapi na vipi, ripoti ya daktari, cheti cha ndoa, cheti cha kifo cha Kibwana, barua ya serikali ya mtaa. Afisa wa ustawi, mama mwema tu, akazipiga skani moja moja, kila karatasi faili lake la PDF, akazituma mkoani. Ijumaa moja asubuhi simu ikatoka mkoani: mtambo haupokei mafaili mengi, unapokea faili moja lililounganishwa, na mwisho ni leo saa tisa alasiri. Likikosekana, maombi yanaanza upya, na mtoto anarudishwa kituoni. Kuna mume na mke wa mjini walikuwa wanasubiri mtoto wa kiume wa umri ule ule.

Yule afisa alikuwa anawahi basi, safari ya kikazi. Alimwekea Mwasiti mafaili yote kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, kile kidude kidogo kama ukucha, akamwandikia anwani ya kutuma, akamwambia akimbilie steshenari, pale wanaunganisha dakika moja. Hakuwa na nia mbaya. Mwasiti akaifunga kadi kwenye pindo la khanga, akambeba Bwana Mdogo mgongoni, akatoka.

Hapa nisimame kidogo. Wote tunazijua steshenari zetu. Unampa mwenye duka kadi yako, anayamimina mafaili yako kwenye kompyuta, anafanya kazi, anakurudishia kadi. Mafaili yanabaki. Vyeti vya watu, matokeo ya watu, barua za kuachishwa kazi, vyote vimejaa kwenye kioo cha kompyuta kama mitumba mnadani, na anayekaa kiti kile anachambua apendavyo. Halafu karatasi zilizotoka upande au zilizofifia wino hazitupwi. Anapewa muuza karanga akunjie. Nani hapa hajawahi kula karanga huku anasoma talaka ya mtu? Msinitazame hivyo.

Mwasiti alifika, akakuta foleni ya watu, akaanza kufungua pindo. Gunia alikuwa ng'ambo ya barabara na kiroba cha unga begani. Aliona pindo, aliona mtoto mgongoni, akajua ni karatasi za mtoto zinakwenda kumwagwa. Akatua mzigo, akavuka.

"Mama, usimpe," alisema.

Mwasiti akamwambia ana haraka, amwache. Gunia akasimama mlangoni, akasema mbele ya foleni nzima jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu. Alisema yeye aliokotwa. Aliokotwa ndani ya gunia, nyuma ya ghala la stesheni. Bibi aliyemlea alipeleka karatasi zake kutolewa nakala kwenye duka kama lile, nakala moja ikatoka upande, ikatupwa kwa muuza karanga, na karanga zikauzwa shuleni kwao. Mtoto mmoja alipomaliza kula akasoma. Kengele ya kutoka ilipolia, darasa zima walikuwa wanamwita Gunia.

"Kubeba magunia nimeanza baadaye," alisema, "ili jina lipate sababu nyingine."

Kwenye foleni mtu mmoja alicheka. Mwingine akajifanya anatafuta kitu mkobani. Gunia aliyaona yote hayo, si ndiyo kipaji chake, akavuka barabara akainua kiroba chake. Tangu siku hiyo hakuna anayedhani jina lake limetokana na kazi. Na Mwasiti akalifunga pindo.

Sasa aende wapi? Saa zinakwenda. Akamkumbuka mtu mmoja mjini aliyeshika siri za watu bila kumwaga, akaenda kwa Bi. Mwanahawa. Kompyuta Bi. Mwanahawa hakuwa nayo tena, wakili alishakufa na ofisi ikawa duka la vipodozi. Lakini alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ipo njia. Idrisa alimfundisha zamani, kwa ajili ya karatasi za wateja: upo ukurasa unafunguliwa kwenye kivinjari cha simu, unaunganisha mafaili humo humo ndani ya simu, haupeleki karatasi kwa mtu yeyote. Tatizo lake, jina la ukurasa na namna ya kufanya vimemtoka. Vimebaki kwenye ile sauti.

Akaenda chumbani akarudi na kitambaa. Alikifungulia mapajani, ikatoka ile simu. Mwasiti, alipoelewa ni nini, alitaka kuaga aondoke. Alisema atatafuta njia nyingine, ingawa njia nyingine hakuwa nayo. Bi. Mwanahawa akamshika mkono na mkono wa pili akawasha simu.

Sauti ya Idrisa ikatoka, sauti ya kijana asiye na haraka. Alitaja jina la ukurasa, akalirudia herufi kwa herufi. "Mama, ukishafunguka, zima data kabisa," alisema. "Kama bado unaunganisha na data imezimwa, ujue karatasi za watu haziendi popote. Zichague, zipange, ziunganishe, zihifadhi. Halafu mama..." Hapo simu ikazimika.

Bi. Mwanahawa akaibonyeza, haikuwaka. Akaibonyeza tena. Kisha akaimalizia mwenyewe ile sentensi, maana aliijua kwa moyo. "Halafu mama, kula. Usisahau kula," alisema, akalia. Mwasiti naye akalia, na Bwana Mdogo mgongoni, aliyekuwa halijui la mbele wala la nyuma, akalia kwa sababu wakubwa wanalia. Bi. Mwanahawa ndiye aliyenyamaza kwanza. Alimuuliza Mwasiti kama ameshika yote. Alikuwa ameyashika.

Ikabaki simu. Simu ya Mwasiti ilikuwa kitochi, haina habari za kivinjari. Simu za majirani zilikuwepo, lakini kumpa jirani kadi ile kuna tofauti gani na kumpa mwenye steshenari? Mwasiti alimfikiria mtu mmoja tu, akamfikiria pia bintiye, na miguu ikawa mizito. Ilikuwa Ijumaa.

Alimkuta Mzee Sudi kibandani pale kivukoni, simu mkononi. Hakumficha kitu. Alimweleza shida, na alimweleza kwamba data lazima izimwe, na kwamba yeye si mzoefu, hajui atachukua muda gani. Mzee Sudi alikitazama kioo, akamtazama mtoto. Akauliza kama Bwana Mdogo ameshakula. Kisha akampa simu, akachukua bendera yake, akaenda kusimama nje karibu na kizuizi, mgongo ameupa kibanda, asije akaona kilichoandikwa. Treni haikuwa karibu. Alisimama tu.

Mwasiti akatia kadi, akaandika jina la ukurasa, ukafunguka. Akazima data. Alichagua mafaili, akabonyeza kuunganisha, yakaungana. Data imezimwa, na yameungana! Basi hofu ikamshuka kidogo, akafungua kutazama, akakuta cheti cha kifo kimekaa mbele ya cheti cha ndoa, na ripoti ya daktari imeingia mara mbili. Akaanza upya. Akasahau barua ya mtaa. Akaanza tena. Alijua angeweza kuiwasha data kidogo baina ya kazi na kazi, lakini aliogopa, siri ya mtoto isije ikamponyoka hewani. Akaiacha imezimwa mpaka faili likatoka lilivyotakiwa, moja, kurasa zote na mpangilio wake. Hapo ndipo alipowasha, akatuma kwenye anwani ile, jibu likaja kwamba limepokelewa, saa tisa bado haijafika. Akafuta alichohifadhi na alichotuma, akatoa kadi, akafunga pindo.

Simu ikalia mlio mfupi. Raya alikuwa amepiga. Alikuwa amepiga mara nyingi.

Mwasiti alitoka nje akampa mwenyewe simu, akamwambia. Mzee Sudi akasema alijua. Akapiga, haikupokelewa. Akapiga jioni. Ijumaa iliyofuata alikaa na simu mpaka giza, na iliyofuata pia. Baadaye namba ikawa haipatikani kabisa. Huenda Raya alihamishiwa nyumba nyingine na alikuwa anapiga kuaga. Huenda alinyang'anywa simu. Sudi hajui, nami sijui, na atakayewaambia anajua amewadanganya.

Basi maombi yalikwenda, mvua zikaja zikapita, mahakama ikakubali. Mtoto akawa wa Mwasiti, hachukuliwi na mtu. Limebaki jambo moja, aandikwe jina. Jina la pili ni Kibwana na la tatu ni la ukoo wa Kibwana, hayo hayana mjadala. Linatakiwa la kwanza, moja. Wewe unayetaka kuniambia apewe majina matatu, kaa chini, karani ameshakataa.

Na jina kwao si sauti tu. Mtoto akipewa jina la mtu, mtu huyo, au aliyelileta jina, anakuwa somo wake. Somo habishi hodi ya mgeni. Sikukuu sahani yake imeshapakuliwa kabla hajafika. Mtoto akianza shule, somo ndiye wa kwanza kuoneshwa daftari, na somo akizeeka, mtoto ndiye anayemletea uji. Kwa mtu mwenye jamaa hilo ni jambo dogo la kupendeza. Kwa mtu asiye na mtu, ni nyumba ya kwenda.

Gunia alikuja wa kwanza. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni. Alimwambia Mwasiti kwamba jina lake la kweli ni Faraji. Yule bibi aliyemlea ndiye aliyempa, na alipokufa bibi, jina lilikufa naye. "Nataka nilisikie likiitwa kwa mapenzi," alisema, "hata kama anayeitwa si mimi." Mwasiti akawaza: bila macho ya mtu huyu, siri ya mwanangu ingekuwa inafungia karanga, na kuiokoa siri hii ametoa ya kwake.

Bi. Mwanahawa alikuja na kofia ndogo ya mtoto aliyoifuma. Alisema Idrisa hakuacha mke wala mtoto. Sauti yake sasa haipo, na kuna siku anaamka asubuhi anajaribu kuikumbuka, haiji. "Nikiita Idrisa humu ndani," alisema, "nataka pawe na mtu wa kuitika." Mwasiti akawaza: bila mama huyu nisingejua pa kuanzia, na kilichonifundisha ndicho alichokuwa anaishi nacho.

Mzee Sudi hakuja. Mwasiti alimfuata kivukoni, akazungumza hili na lile, akasubiri aombe. Mzee hakuomba. Alimbeba Bwana Mdogo begani, akamwonesha treni ya mizigo inavyopita, akamrudisha kwa mamake. Simu ilikuwa mfukoni, hakuishika tena mkononi. Mwasiti akarudi na uzito zaidi ya aliokwenda nao. Alijua bila mkono ule faili lisingefika, na alijua mzee hana mtu mwingine duniani wa kumwita baba, wala babu.

Siku ya kuandika jina ikafika. Mwasiti akapika sufuria kubwa aliyokuwa hajaitoa kabatini tangu msiba wa mumewe, akawaalika wote watatu. Wamekaa mkekani, wameoga, wamevaa vizuri. Gunia amekunja magoti kwa adabu. Bi. Mwanahawa ana kofia mapajani. Mzee Sudi anacheza na mtoto kidole kwa kidole. Hakuna anayegombana na mwenzake, wanapakuliana wali, kila mmoja anamsogezea mwingine mboga. Na kila mmoja anajua kwamba chakula kikiisha, mmoja wao atakuwa na nyumba hii, na wawili watarudi kwao kama walivyokuja, kwenye chumba kimoja na taa moja.

Msiniambie apige kura. Mtu aliyetoa sauti ya mwanawe humwambii imeangukia kwingine. Wala msiniambie amwite jina jipya kabisa asimuudhi mtu, kwa maana hapo wote watatu wanarudi peke yao, na Mwasiti atakuwa amewalipa sawasawa, upweke kwa kila mmoja.

Mikono imeshanawiwa. Mwasiti amembeba mtoto, amesimama mbele yao, wote watatu wamemwinulia macho. Amefungua kinywa.

Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa wewe ndiye umesimama pale, ungemwita nani? Faraji, Idrisa, au Sudi? Sema sasa, na unaposema, watazame usoni wale wawili.